Sita, Sita, Nane

Jumamosi, 3 Machi 2012

Nimeipata! Naandika kwa haraka. Mwandiko huu nisingemvumilia mwanafunzi.

Asubuhi tulikwenda Port Perry, Bahadur na mimi, kutazama vitu vilivyokuwa vikiuzwa vya mkulima mmoja marehemu. Tangazo aliliona Bahadur. Gari ni la Bahadur. Chai na kachori zilitoka kwa mkewe, Roshanara. Kwa hiyo haki ya kuchagua kwanza ilikuwa yake, na sikuipinga. Nilimshauri tu afunge vizuri kamba za viatu kabla ya kushuka, kwa kuwa theluji ilikuwa imeyeyuka na uwanja wote ulikuwa matope. Alipoinama, nikaondoka. Nina miaka sabini na minne na magoti mawili yasiyoelewana, lakini niliondoka.

Ilikuwa nyuma ya mashine ya kukamulia ng'ombe. Bunduki ya Kijerumani, aina ya mwaka 1871, ya risasi moja moja. Aina ile ile aliyoibeba babu yangu alipokuwa askari wa Wajerumani kule Bukoba! Imetengenezwa kabla ya mwaka 1898, kwa hiyo sheria ya hapa Kanada inaihesabu kuwa kitu cha kale na haidai leseni. Sheria hii nimemweleza binti yangu Anastasia mara tisa.

Kilichonivuta ni pete ya chuma inayoushika mtutu kwenye mbao ya bunduki. Skrubu yake iko kulia. Zote nilizowahi kuziona, na nimeziona nyingi, zina skrubu kushoto. Tofauti ya kiwandani. Nadra!

Bahadur alipofika nilikuwa nimekwisha kulipa. Alitazama viatu vyake, akanitazama mimi, akasema kama ningekuwa na mwendo ule zamani nisingechelewa kengele ya shule. Sijapata kuchelewa kengele. Nilimweleza hivyo mpaka tukafika Markham.

Jumapili, 4 Machi

Misa. Padri amesoma tangazo lenye makosa manne. Nimemwandikia.

Kwaresima hii nimeacha mambo mawili: sukari, na kumsema Bahadur. Sukari imekuwa rahisi.

Hata hivyo niandike ukweli, kwa kuwa ukweli si kusema mtu. Chama chetu cha wakusanyaji wa bunduki za kale, kinachokutana Etobicoke, kina daftari kubwa lililojalidiwa kwa ngozi. Hufungiwa kabatini kwa ufunguo. Humo huandikwa kila bunduki iliyotoka kiwandani ikiwa tofauti na dada zake, pamoja na jina la mtu aliyeitambua. Bahadur ana mistari mitatu. Mimi ni mwanachama tangu mwaka 2003 na sina hata nukta.

Si kwamba natafuta sifa. Ni kwa ajili ya babu. Nimeandika barua kwa hifadhi za nyaraka za nchi mbili, nikapata majibu mawili ya heshima: jina lake halimo katika orodha yoyote. Kilichobaki ni picha moja. Askari kumi na wawili mbele ya boma la Bukoba, mwaka 1912. Nyuma hakuna jina hata moja. Nyuso zimefifia, kofia ni zilezile, vimo ni vilevile. Mama yangu ndiye aliyenionyesha. Alisema, babu yako ni yule aliyekosea.

Ndivyo ilivyo. Askari kumi na mmoja wameweka bunduki bega la kushoto. Mmoja ameweka bega la kulia. Siku ya kupigwa picha! Huniudhi kila ninapopita sebuleni.

Tarehe 31 mwezi huu Gervais, mtunza daftari wetu, atakagua bunduki za wanachama. Nitaiweka bunduki mezani na picha kando yake. Mstari wangu nimekwisha kuutunga: Imetambuliwa na Cyprian Rwegoshora, mjukuu wa Rwegoshora, askari. Babu ataandikwa katika kitabu kinachofungwa kwa ufunguo. Nikifa baada ya hapo, sawa.

Anastasia amerudi kutoka hospitali, zamu ya urefu wa saa kumi na mbili, akaikuta bunduki juu ya kochi. Amesema, baba, nilikuomba ununue vitunguu. Tumeafikiana. Komeo la bunduki, chuma kinachofyatua risasi, limetolewa na kufungiwa katika kabati la dawa. Ufunguo anao yeye. Vitunguu nitanunua kesho.

Jumanne, 6 Machi

Nimeikagua kwa utaratibu, kutoka kitako hadi mdomo wa mtutu, kama nilivyokagua karatasi za mitihani kwa miaka thelathini na mmoja.

Aibu!

Juu ya mtutu kuna kibao cha kulengea. Husimama, na ubavuni mwake zimepigwa namba za umbali: tatu ni mita mia tatu, nne ni mia nne, na kuendelea. Kibao cha bunduki yangu kinasema hivi: tatu, nne, tano, sita, sita, nane.

Nimehesabu mara tatu. Mara ya mwisho kwa sauti. Sita, sita, nane. Saba hakuna.

Yule mkulima, bila shaka. Amekivunja cha kwanza akatengeneza chake ghalani, na kuhesabu hakujua. Mungu amrehemu. Lakini nani atasikiliza habari ya pete yangu wakati kibao hakijui kinachofuata sita?

Alhamisi, 8 Machi

Bahadur amekuja bila kualikwa. Kutoka Unionville mpaka kwetu Scarborough si mbali kwa mwenye gari na udadisi. Alileta mandazi. Nilimkumbusha nimeacha sukari. Akasema vizuri, yatamtosha Anastasia.

Akaomba kuiona pete. Nilimweleza umuhimu wake kwa dakika kama kumi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaifungua skrubu kwa ncha ya ufunguo wa gari lake, akaizungusha pete, akairudisha. Skrubu kushoto. Mkulima aliifunga kinyume, Mwalimu, akasema, hata mimi viatu vya watoto dukani kwetu Bukoba nilikuwa nikivifunga hivyo, kushoto kulia, mpaka baba akanitwanga kofi.

Baba yake ndiye aliyeniuzia viatu vyangu vya kwanza vya shule. Vilikuwa vikubwa. Bahadur anadai nilivichagua mwenyewe kwa kiburi.

Kisha akakiinua kibao. Hakutania. Bahadur! Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakiinamia tena. Akauliza kama niliiona ile sita ya pili. Nikasema mimi si kipofu. Akatoa simu akakipiga picha. Kisha, kama mtu anayeficha lengo lake, akaipiga kwa simu hiyo hiyo na ile picha ya babu ukutani. Akauliza ni yupi. Nikamwambia, yule aliyekosea. Akacheka, akasema ndiyo maana mjukuu hakosei, makosa ya ukoo wote yalichukuliwa na babu.

Mlangoni akanigeukia. Nimpe bunduki hii, naye atanipa zake mbili, nichague zozote. Nikakataa. Basi nimwachie siku mbili. Nikakataa. Basi nisiiguse. Nisifute, nisisugue, hata vumbi niliache lilipo.

Mandazi yalikuwa na iliki. Nayaandika tu, sikuyala. Nilikula moja.

Jumamosi, 10 Machi

Nimefikiri siku mbili. Mtu hatoi mbili kuchukua moja bila sababu.

Sababu nimeipata. Bahadur hataki bunduki. Anataka niifikishe mbele ya Gervais ikiwa vilevile, na kibao kisichojua kuhesabu, ili ukumbi wote ucheke. Kama mwaka 2007! Mwaka ule nilileta bunduki yenye alama nyekundu ya taji kitakoni. Niliandika kurasa sita juu ya taji lile. Gervais alilikwangua kwa ukucha. Ilikuwa karatasi ya nembo ya jibini iliyogandia pale. Bahadur alicheka mpaka akaletewa maji.

Ndiyo maana ananiambia nisiiguse!

Lakini pete imekwisha kufa, na siku zilizobaki ni ishirini na moja. Bado nina bunduki ya aina aliyoibeba babu, na nikitafuta kwa makini nitaipata tofauti nyingine. Kwanza niondoe aibu. Kosa halijadiliwi. Kosa hukatwa, lililo sahihi huandikwa, na nakala chafu huchanwa. Ndiyo kanuni niliyowafundisha wasahihishaji wote waliopita mikononi mwangu, na hakuna aliyepata kuja kulalamika.

Jumatano, 14 Machi

Nimeshuka chini kwa Kuria, mtunza jengo letu, Mkenya. Ana vyuma vya kugongea namba, sifuri mpaka tisa, ambavyo hutumia kugonga namba za nyumba kwenye funguo. Nilimwomba chuma cha saba, nyundo ndogo na tupa.

Ameniita buda. Nimemweleza kwamba mtu wa umri wangu huitwa mzee, au Mwalimu. Akasema sawa, Mwalimu buda, unafungua mlango wa nani huko juu? Nikamjibu kwamba nasahihisha kazi ya Wajerumani. Akapiga mluzi. Akasema hao wamekuwa wakingoja mtu kama mimi tangu zamani.

Kijana ana adabu ndani yake. Imefunikwa tu.

Jumapili, 18 Machi

Misa nilisali jana jioni, ili asubuhi ya leo iwe huru. Anastasia yuko kazini.

Nilianza saa nne kamili. Nilikitoa kibao, nikakibana kwenye mlango wa kabati la jikoni. Ile sita ya pili niliikwangua kwa tupa, polepole, mpaka chuma kikawa laini kama ukucha. Iligoma sana. Mkulima yule alikuwa na mkono mzito. Kisha saba. Pigo moja, kama muhuri wa shule. Imesimama wima kidogo kuliko jirani zake, lakini mlalo wa sita na nane nao si wa kuigwa.

Sehemu niliyokwangua iling'aa. Nikaipaka chai ya rangi iliyokolea, mara tano, mpaka ikafanana na nyingine. Saa sita nilikuwa nimemaliza.

Tatu, nne, tano, sita, saba, nane.

Nimesoma kwa sauti. Nimelala mchana usingizi wa mtu mwadilifu.

Ijumaa, 23 Machi

Bahadur amepiga simu mara nne wiki hii. Leo nimepokea, kwa bahati mbaya, nikidhani ni duka la miwani. Akaanza haraka: Mwalimu, kile kibao, nisikilize kwanza. Nikamwambia niko kwenye Njia ya Msalaba, si adabu kuzungumza. Nilikuwa kwenye lifti. Njia ya Msalaba ilikuwa saa moja jioni, na nilikwenda, kwa hiyo si uongo kamili.

Jioni Anastasia akasema Mzee Bahadur ameacha ujumbe kwenye simu ya nyumbani. Ananiomba kwa jina la watoto wake nisiiguse ile sita. Nimemjibu kwamba sita haijaguswa. Sita ipo pale pale. Kilichoguswa ni ile nyingine.

Anastasia alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaosema hawasikii maumivu. Akauliza, baba, umefanya nini?

Nimefanya kazi yangu.

 

Ijumaa, 30 Machi

Kesho. Nimepiga pasi suti. Nimefuta kioo cha picha ya babu.

Tofauti ya kiwandani bado haijaonekana. Nimekagua kila skrubu. Bunduki ni sahihi kabisa, kila mahali, kama kitabu cha mwalimu. Sikupata kudhani kwamba siku moja jambo hilo lingenisikitisha.

Bahadur alijitolea kunichukua kwa gari. Nimekataa kwa kifupi. Kuria amenipa boksi refu la mti wa Krismasi wa plastiki. Bunduki imeingia vizuri. Komeo atalibeba Anastasia kwenye mkoba wake. Ameomba likizo ya siku moja aje anione. Sikumwomba. Nimefurahi.

Jumamosi, 31 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Basi la barabara ya Lawrence, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha basi jingine. Safari ya saa mbili kasoro dakika chache, na boksi la mti wa Krismasi mapajani mwa watu wawili. Mama mmoja alinitakia Krismasi njema. Nilimwambia leo ni mwezi wa tatu. Akasema, hata hivyo.

Ukumbini watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Walisimama tulipoingia. Nilidhani wanamsimamia Anastasia. Roshanara alikuwapo, na sinia la kachori lililofunikwa kitambaa. Bahadur alikuja kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauliza kwa sauti ndogo kama nilipata ujumbe. Nikasema niliupata. Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, Mwalimu, nilikuwa silali.

Gervais ni mtu wa Quebec, fundi saa mstaafu. Husema maneno machache na yote ya kweli. Alikuwa amekwisha kulifungua daftari mezani. Niliinama kutazama. Kulikuwa na mstari mmoja umeandikwa kwa penseli, ukingoja wino. Ulisema: kibao cha sita mbili, cha tatu kujulikana. Kimetambuliwa na Cyprian Rwegoshora, mjukuu wa Rwegoshora, askari, Bukoba.

Maneno yangu. Nilimpa nani maneno yangu? Nikakumbuka. Nilikuwa nimemwambia Bahadur, mwaka juzi, garini, nikidhani hasikilizi; naye amempasha Gervais kwa maneno tu, picha hakumwonyesha.

Gervais alieleza, na mimi nikamsikia kama mtu aliye chini ya maji. Vibao vile vilipigwa namba kwa mkono. Asubuhi moja, katika kiwanda kile, mtu fulani alishika chuma cha sita mahali pa saba. Alipiga vibao vichache kabla ya kushtuka. Wakusanyaji wamepata viwili tu. Kimoja kiko kwenye jumba la makumbusho. Hiki ni cha tatu.

Kisha akaweka lenzi jichoni, akawasha taa ndogo, akakiinua kibao.



Alikisogeza huku na huku. Akakipitisha kidole. Akakinusa! Akasema anasikia chai. Akaniuliza saba hii ilitoka wapi, kwa kuwa inafanana na saba iliyo kwenye ufunguo wa nyumba ya mama yake.

Hapo Bahadur akasema. Alisema haraka, kwa sauti kubwa, mbele ya wote. Alisema tuliipata hivyo Port Perry. Alikuwapo, aliiona kwa macho yake. Ni yule mkulima, marehemu, aliyeiharibu. Sisi tumechelewa tu. Roshanara alitazama chini. Wengine walitikisa vichwa wakamlaumu mkulima. Ukumbi mzima ulikuwa tayari kuamini. Mstari wa penseli ungeweza kubaki, na nyongeza kidogo tu. Gervais alikuwa ameshika kalamu ya wino.

Ningenyamaza, basi. Ilihitaji kunyamaza tu.

Lakini taarifa haikuwa sahihi.

Nilisimama. Nikasema marehemu asisingiziwe. Kazi ile imefanywa na mimi, Jumapili tarehe 18, kati ya saa nne na saa sita mchana, kwa tupa, nyundo na chai ya rangi. Anastasia alifunika uso kwa mkoba. Komeo likagonga meza.

 Gervais alichukua kifutio, akafuta penseli. Mstari ulifutika neno kwa neno, kutoka mwisho: Bukoba, askari, kisha Rwegoshora, kisha mjukuu. Akapuliza vumbi la kifutio. Akaandika kwa wino, kwa mwandiko mzuri, nakiri: Kibao cha tatu. Kiliharibiwa na C. Rwegoshora, 2012.

Nimo katika daftari.

Alipokuwa akikausha wino alisema jambo moja, si kwa kunikemea. Kiwandani mle walifanya kazi watu mamia, na hakuna anayejua jina la hata mmoja wa wapiga namba. Tunajua tu kwamba yule wa asubuhi ile alikuwapo. Tunajua kwa sababu alikosea.

Bahadur aliturudisha kwa gari. Anastasia alilala kiti cha nyuma. Tulipofika Don Mills, Bahadur akasema anataka kuungama, ingawa yeye si Mkatoliki. Alhamisi ile alikijua kibao mara moja. Alikuwa amesoma habari yake katika jarida la zamani. Alitaka kukichukua kabla sijajua, uwe mstari wake wa nne. Roshanara alipokuja kujua, akamwambia kama ana haya akaniambie ukweli. Ndipo akaanza kupiga simu. Nilitaka kukuibia, Mwalimu, akasema, lakini ulikuwa na haraka, ukajiibia mwenyewe.

Nilikula kachori tatu. Hazina sukari.

Jumapili, 1 Aprili

Jumapili ya Matawi. Padri amesoma tangazo lenye makosa mawili. Sikumwandikia.

Nimekaa sebuleni na kibao mkononi. Ile saba imesimama wima, safi, na haina habari yoyote. Nimekuwa nikimfikiria mtu yule wa kiwandani. Labda mtoto wake aliugua, na mkono ukaenda kwenye chuma cha sita wenyewe. Labda alikuwa anatazama dirishani. Alipiga, akasogeza, akapiga tena. Kwa miaka mia moja na thelathini na kitu alikuwa amekaa pale kwenye kibao, bila jina, lakini alikuwapo. Mimi nimemkwangua kwa saa mbili, nikampaka chai.

Anastasia aliniletea uji. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia nafikiri. Akasema basi nifikiri polepole, ana zamu kesho.

Nimewasahihisha wangapi? Maelfu. Je, kulikuwa na mmoja miongoni mwao aliyeandika jambo lisilo sahihi ambalo lingefaa liachwe? Sikumbuki jambo lolote walilolipatia. Ya makosa nakumbuka mengi. Yupo msichana mmoja wa Kamachumu, mtihani wa mwaka 1969, aliyeandika kwamba mvua ilikuwa imechoka. Nilikata kwa wino mwekundu. Hata leo nikiona mvua ya Scarborough, ile nyembamba ya mwezi wa nne, namkumbuka. Jina lake silijui.

Nimejifunza. Naandika kwa wino: nimejifunza.

Jumapili, 8 Aprili

Pasaka. Bahadur na Roshanara wamekuja kula. Nimemtolea Bahadur bunduki, nikamwambia aichukue, mimi sistahili. Akaigeuza, akasema ibaki kwa yule aliyeandikwa katika daftari kwa kosa lake, siyo kwake. Makosa yake yeye ni mengi mno. Ameniachia. Tumekula pilau. Sukari imerudi.

Hatukusemana.

Jumamosi, 14 Aprili

Siku njema kuliko zote tangu mwezi wa tatu!

Nimekuwa nikitafuta namna ya kumlipa babu. Katika daftari hayumo na hatakuwamo, kwa kosa langu. Basi angalau nyumbani awe na heshima yake. Katika uwanja wa maduka wa barabara ya Markham yuko fundi picha, mama mmoja Mtamili, mwenye kompyuta. Nilimpelekea picha aondoe madoa na kuikuza.

Alipoifungua kwenye kioo chake, kubwa, safi, wazo likaja. Somo la bunduki nimelishika barabara: chuma cha kiwandani kisiguswe kamwe. Lakini picha si chuma. Wala babu si kiwanda. Miaka mia moja kamili amesimama mbele ya wenzake na bunduki bega lisilo lake, na hakuna mtu hata mmoja wa ukoo aliyemsaidia. Nikamuuliza mama yule kama anaweza. Akasema ni rahisi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni mwalimu.

Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Askari kumi na wawili, bunduki kumi na mbili, bega la kushoto. Mstari mmoja ulionyooka kama rula! Nilitokwa na machozi pale dukani. Nimeiweka katika fremu mpya. Ya zamani nimeichana vipande vidogo nikavitupa penye taka za karatasi, na ile ya kwenye kompyuta ya fundi nilimwambia aifute, kwa kuwa nakala chafu huchanwa.

Imetundikwa sebuleni tangu saa tisa. Anastasia ameingia kutoka kazini, akaisogelea na koti lake bado mwilini. Amesema inapendeza sana, baba. Imekuwa safi. Akainua kidole, akakipitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine, akarudi mwanzo.

Akauliza babu ni yupi.

Nimemwambia asubiri nichukue miwani. Nimechukua miwani. Nimewasha taa zote mbili. Nimeazima lenzi ya kusomea dawa.

Baadaye akaenda kuoga.

Kesho nitampigia Bahadur. Si kwa jambo lolote. Ni siku nyingi sijamjulia hali, na picha zilizo katika simu yake ile huwa anazifutafuta ovyo.